Mkate juu ya Mkeka

Bwana wangu Userhati hakufundisha kwa fimbo.
Alinipa kipande cha jiwe la chokaa, kalamu ya utete, masizi,
akasema: chora mkeka.
Nikachora mkeka.
Weka mkate juu yake.
Nikauweka.
Sasa umeandika *hotep*, akasema. Nenda ukanywe maji.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani hotep ni mkate.

Jioni mama alikuwa darini akianua nguo,
jua likishuka nyuma ya mlima wa makaburi.
Limetua, akasema,
na neno lilikuwa lile lile.
Kesho yake jirani yetu Henuti, aliyegombana na shemeji
kwa kodi ya punda miezi saba,
alitema mate pembeni akasema: haya, nimeridhia.
Lile lile.
Na bibi, walipomfunga sanda, mdomo wake ukiwa umenyooka
kama hakuwahi kumtukana mtu,
wakasema ametulia.
Lile lile.

Nikamuuliza bwana: neno moja, mbona lina kazi nyingi hivi?
Akacheka, meno mawili tu.
Ni nyumba yenye vyumba vingi, akasema,
ila mlango wake umeuona mwenyewe.
Mwenye njaa hatulii. Miungu pia.
Ndiyo maana tunaandika mkate kwanza.

Mwaka ule shayiri haikuja.

Siku ya kumi na nane tulikuwa ndani ya mwamba,
kaburi la msimamizi wa maghala
(naam, wa maghala, naye bado hai, shingo mikunjo mitatu),
tukimchorea elfu ya mikate, elfu ya mitungi ya pombe,
elfu ya ng'ombe, elfu ya bata,
utambi ukikonda, matumbo yakiitikia ukutani.
Lipu ilikuwa mbichi bado.
Bwana alipogeuka kuchanganya wino
niliulamba mkate wangu.
Kisha nikauma.

Chokaa. Chumvi kidogo. Baridi.

Asubuhi moja mafundi wakatua patasi,
taratibu, kama mtu anavyomlaza mtoto aliyesinzia,
wakashuka mlima, wakaketi nyuma ya hekalu.
Akaja karani na jasho lake na mpeperusha nzi wake.
Mtaridhika lini? akauliza.
Akatumia neno lile, nalo likamtoka jepesi, kama ganda la ngano.
Hakuna aliyejibu.
Khaemnuni mchonga mawe akainama,
akachora mkeka mchangani kwa kidole,
mistari yote, hadi ncha za majani.
Juu yake hakuweka kitu.

Karani aliusoma.
Alikuwa karani. Hakuweza kutousoma.

Nafaka ililetwa siku ya nne,
nusu ya kipimo, na mchanga ndani.
Mama aliichekecha mara tatu, akakanda, akaoka,
akautandika ule mkeka wetu uliotoboka pembeni,
akauweka mkate katikati, akaondoa mkono.
Hapo nikaisoma bila wino.
Moshi. Ukoko. Dada yangu akinyamaza ghafla.
Nje, jua nalo lilikuwa linaingia.

Sikuwaambia wengine kwamba nimeisoma.
Tulikula.

Mafuriko mawili baadaye msimamizi alizikwa
kwa vilio vya kukodi na ng'ombe halisi.
Ukutani kwake, safu ya tatu, mkate wa saba,
upo mkate wenye pengo dogo
la ukubwa wa jino la mtoto.
Userhati aliliona kabla ya mlango kuzibwa.
Alichovya brashi, akaiinua hadi pale,
akanitazama,
akaisafisha kwa kanga ya nguo yake.

Wanasema maiti huisoma orodha yake kila usiku,
na anachokisoma ndicho anachokula.
Basi kila usiku anafika safu ya tatu.
Anakuta nimemtangulia.
Ale kilichobaki,
na atulie.